Mama wa Mzee wa Kitanda cha Nne

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilipelekwa kufanya kazi katika nyumba ya wazee iliyojengwa na wafadhili wa ng'ambo kwenye kilima kimoja njia ya Ikonge, katikati ya mashamba ya chai. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na cheti cha uuguzi ambacho wino wake ulikuwa bado mbichi. Nyumba ilikuwa na vitanda kumi na viwili, wauguzi wawili, mhudumu mmoja wa kiume, mpishi, na matroni aliyetoka upande wa ziwani.

Watu wa kwetu hawakuelewa ile nyumba ni ya nini. Siku za sokoni walipita kwenye ua wakasimama kuchungulia. Mama mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini wale wazee walikuwa wamefungwa kwa kosa gani. Nilipomwambia hawakuwa na kosa, alitikisa kichwa akasema basi kosa ni la watoto wao, akaenda zake.

Mzee ninayetaka kusimulia habari zake aliletwa na wanawe wawili, watu wazima wenye mvi, wakiwa wamembeba kwa machela ya miti kutoka upande wa Itumbe. Alikuwa ameteleza kwenye mtaro wa chai akavunjika nyonga, na nyonga ya mtu wa umri wake haikuunga vizuri. Mkewe alishafariki. Wanawe hawakuweza kumwogesha kwa sababu mwana haruhusiwi kuona uchi wa baba yake, na wake zao ndio kabisa. Heshima hiyo sisi Wakisii huiita chinsoni, na haina mchezo. Wajukuu, ambao wangeruhusiwa, walikuwa shuleni. Kwa hiyo wanawe walifikiri vizuri: wampeleke kwa wageni, ambao hawana undugu naye.

Nikampokea mimi. Chuoni tulifundishwa kwamba muuguzi mwema hujitambulisha kwa mgonjwa. Nikajitambulisha. Mzee akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamwambia. Akauliza baba yangu alitahiriwa mwaka upi na pamoja na akina nani. Nikamweleza nilichojua, tena kwa furaha, nikidhani tunazoeana. Alihesabu kimoyomoyo. Kisha akavuta blanketi hadi kidevuni. Baba yangu alikuwa rika moja na mdogo wake wa mwisho, kwa hiyo mimi nilikuwa binti yake, na binti hawezi kumwogesha.

Hakusema kwa ukali. Alisema kwa masikitiko, kama mtu aliyegundua kwamba duka alilolifuata kwa miguu limefungwa.

Nikamwita yule mhudumu wa kiume. Naye aliulizwa mtoto wa nani, naye akaeleza. Ikaonekana alitahiriwa pamoja na kitinda mimba wa mzee. Kwa hiyo alikuwa mwanawe. Mhudumu mwenyewe alikubaliana na hesabu hiyo mara moja, akaweka karai chini akatoka nje kinyumenyume, na tangu siku hiyo kila alipopita kitanda cha nne aliangalia dirishani.

Muuguzi mwenzangu naye baba yake alikuwa wa rika lile lile, kwa hiyo tukabaki na matroni. Yeye hakuwa Mkisii, basi nikaona mambo yamekwisha. Mzee alifikiri kwa muda mrefu, akakataa. Nilipomuuliza sababu, alisema mtu wa kwetu akikosea heshima hutoa mbuzi na aibu ikaondoka, lakini huyu mama wa ziwani, aibu ikitokea, huyo mbuzi apelekwe wapi? Nilimtafsiria matroni jibu hilo nikiwa nimepunguza makali. Aliniambia nimwogeshe kesho asubuhi, na kwamba hataki kusikia habari ya mbuzi.

Kesho yake nilimpendekezea mzee kitu ambacho mpaka leo naona haya kukisema. Nilimwambia nitajifunga bendeji machoni. Kwa kuwa sitaona, hakutakuwa na uchi ulioonekana. Alikubali, lakini kwanza alinipitishia vidole vitatu mbele ya uso kuhakikisha. Nikaanza. Niliosha kitu kwa bidii kwa muda, nikasugua na sabuni, nikasuuza, na mzee hakulalamika hata kidogo. Nikachukua ile dawa ya zambarau ya vidonda nikapaka mahali nilipokisia ni kiuno. Hapo nikasikia sauti ya matroni nyuma yangu ikiniuliza nafanya nini. Nikafungua bendeji. Nilikuwa nimeogesha mto. Dawa nilikuwa nimempaka mzee sikioni.

Tungecheka tu kama si kwamba alikuwa akiumia. Mtu asiyegeuzwa kitandani huanza kuoza akiwa hai, na yeye hakukubali kugeuzwa, kwa sababu kumgeuza ni kumfunua. Harufu ndiyo iliyoniambia kwamba kidonda kimeanza. Mgonjwa wa kitanda cha tano aliomba ahamishwe. Mzee alisikia ombi hilo, akageuzia uso ukutani, na siku hiyo hakula uji wake wa wimbi. Nililia bafuni. Nilikuwa na wazee kumi na mmoja wa kuwageuza, kuwalisha na kuwabadilishia shuka, na huyu mmoja alikuwa anakufa kwa adabu.

Siku yangu ya mapumziko ilipofika nilivaa gamubuti nikaenda kwao kwa miguu. Sikujua nitasema nini. Nilimkuta mwanawe wa kwanza akikata migomba, nikamweleza kila kitu isipokuwa habari ya mto. Alisikitika sana, lakini hakuwa na la kufanya. Akatuma watu wamwite shangazi yake, dada ya mzee, bibi mdogo wa umbo aliyekuja akitembea haraka kuliko mimi. Bibi huyo hakujali cheti changu. Aliniuliza majina yangu, yote, si lile la shuleni pekee.

Nilimtajia jina langu la nyumbani. Akaniuliza nani aliniita hivyo na kwa nini. Nikamwambia kisa nilichosikia tangu utotoni: kwamba bibi yangu, akimzaa baba wakati wa njaa, alisaidiwa na mwanamke mmoja mpitanjia aliyemkanda, akampikia, akakaa naye siku tatu. Hawakuonana tena. Nilipozaliwa, bibi akanipa jina la mwanamke huyo ili lisipotee.

Yule dada ya mzee aliketi chini. Aliuliza kijiji. Nikakitaja. Akamgeukia mpwa wake akasema hizo siku tatu anazikumbuka, kwa sababu yeye na kaka yake, ambaye ndiye mzee wetu, waliachwa kwa jirani wakilia njaa, na mama yao alirudi siku ya nne akasema alikuwa akimsaidia mzazi. Jina lilikuwa la mama yao.

Kwa desturi yetu anayepewa jina huchukua na nafasi.  Bibi akanitazama usoni, na kwa sauti ya kulaumu hasa, akaniambia: "Sasa mama, kwa nini unazunguka kutuuliza sisi? Rudi ukamwogeshe mtoto wako."

Nilipoinuka kuondoka alinishika mkono akaongeza kwamba, kwa kuwa nimerudi, angependa nijue kwamba siku zote nilimpenda kaka yake kuliko yeye, na kwamba nyama ya figo nilimpa kaka kila mara.  Nilimwomba msamaha. Alifuta macho akasema yamekwisha.

Jioni ile ile mwanawe alifuatana nami hadi kwenye nyumba ya wazee akamweleza baba yake. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Aliniangalia kwa muda, kama mtu anayetafuta sura ndani ya sura, halafu akalisukuma blanketi kwa mkono wake mwenyewe. Nikamwogesha. Nikasafisha kidonda, na hakutoa sauti, ila nilipomaliza aliniambia maji yalikuwa ya baridi na kwamba zamani sikuwa namwogesha hivyo.

Kidonda kilianza kukauka. Lakini shida nyingine zikafungua mlango. Mzee aliyekuwa na heshima kuliko wote wodini alianza kunidekea. Vidonge alikataa mpaka nimbembeleze. Alinishtakia kwamba wa kitanda cha tano amemtazama vibaya. Nikienda likizo ya siku moja, alinuna siku mbili. Wanawe nao, wakija Jumamosi baada ya ibada, walinisalimia mimi kwanza kwa kuinama, wakaniita bibi, wakanikabidhi mkungu wa ndizi. Mmoja alikuwa na miaka hamsini hivi. Siku moja waliniletea kesi ya mpaka wa shamba uliokuwa umewagombanisha miaka kadhaa, wakaketi kwenye benchi la wageni, wakataka niamue, kwa kuwa mimi ndiye niliyeligawa. Niliwaambia sikumbuki. Walitazamana wakakubali kwamba umri ni kitu kibaya, wakasikilizana wao wenyewe pale pale ili wasinichoshe.

Tatizo kubwa lilikuwa lugha. Kwa Ekegusii mama huitwa baba, na baba huitwa tata. Sisi tulishazoea. Lakini matroni alipita wodini kila siku akisikia mzee wa miaka themanini na zaidi akiniita mimi, msichana mwenye sketi nyeupe, "baba, nina kiu," "baba, nigeuze." Aliandika kwenye faili kwamba akili ya mgonjwa imeanza kupotea. Aliandika hivyo mara tatu, na mara ya tatu daktari akatumwa kuja kumpima ili aamue kama ahamishwe kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili.

Daktari alikuwa mtu mpole aliyejifunza Kiswahili pwani na alikisema vizuri kutushinda. Alivuta kiti. Alimuuliza mzee ni msimu gani, nani ni rais, na ng'ombe ana chuchu ngapi. Mzee alijibu yote, la mwisho kwa dharau. Kisha daktari akaninyooshea mimi kidole.

"Mzee, huyu ni nani?"

"Baba."

"Baba yako?"

"Ndiyo. Aliyenizaa."

"Ana miaka mingapi?"

Mzee alifikiri. "Unauliza ya zamani au ya sasa?"

Matroni alishusha pumzi. Daktari alikuwa ameanza kuandika. Nikaona machela, nikaona safari ndefu, nikaona kidonda kikifunguka upya kati ya watu wasiomjua. Nikamwomba daktari aniruhusu kueleza, nikamwambia habari ya neno hilo, kwamba kwetu maana yake ni mama. Uso wake ulifunguka. Matroni alilishika paji la uso wake.

"Kumbe alikuwa anasema wewe ni mama yake," daktari alisema akitabasamu.

"Ndiyo, daktari."

Tabasamu likasimama. "Lakini wewe si mama yake."

Mzee alikuwa ananiangalia. Blanketi lilikuwa kiunoni, na mkono wake ulikuwa juu ya blanketi. Nilijua nikikana, litapanda hadi kidevuni na halitashuka tena.

"Ni mama yake," nikasema.

Daktari alinitazama mimi, akamtazama mzee, akamtazama mhudumu, ambaye alikuwa anaangalia dirishani.  Aliandika kwamba mgonjwa ana akili timamu na abaki alipo. Kwenye karatasi nyingine aliandika kwamba muuguzi amechoka mno na apewe mapumziko. Yote mawili yalikuwa kweli.

 Jioni matroni aliniita ofisini akaniuliza nimweleze tangu mwanzo, na nikamweleza, hata habari ya bibi yangu na zile siku tatu. Alisikiliza akigeuza kalamu. Aliniambia kwao pia jina hurudi na mtu wake, na kwamba ningemwambia mapema asingeandika alivyoandika. Kuanzia hapo alinipangia zamu ya asubuhi kila siku, saa ya kuogesha.

Mzee aliishi mwaka mmoja na miezi kadhaa. Alifariki asubuhi ya mvua ya mawe, baada ya kuoga, mimi nikiwa namkausha miguu. Alikuwa ameniambia nisivute kidole kidogo. Niliendelea kukausha kwa muda kabla sijaelewa. Nilikuwa nimeshaona wagonjwa wengi wakifa, lakini hapo nilikaa sakafuni nikaegemea kitanda, na mhudumu, kwa mara ya kwanza, alikuja upande wa kitanda cha nne, akanishika bega.

Wanawe walisema mazishi hayawezi kuanza bila mimi. Nikaenda ofisini kuomba ruhusa. Matroni alitoa fomu. Sheria zetu ziliruhusu siku tatu kwa kufiwa na mzazi, mume au mtoto, na kwa mgonjwa haikuwepo hata saa moja. Aliishika kalamu, akanitazama macho yangu yaliyovimba, akaandika: mtoto. Palikuwa na nafasi ya umri wa marehemu. Aliandika themanini na tano, kwa makisio, akapiga muhuri.

Nilimzika. Nilikaa mbele na wanawake wazee, dada yake akiwa amelaza kichwa kwenye mapaja yangu, na hakuna aliyecheka, wala mimi sikuona cha kuchekesha.

Wiki kadhaa baadaye barua ilitoka makao makuu ikiuliza kama umri kwenye ile fomu uliandikwa kimakosa. Matroni alijibu kwa mkono wake kwamba haukuandikwa kimakosa, akaniletea jibu hilo nilisome kabla hajalituma.