Upanga wa Mama Mkwe

Mtaa mzima ulimwita Fundi Rimoti, na jina hilo alilipata kihalali. Mletee rimoti ya gemu iliyokufa, ataifungua, ataipuliza vumbi, na atakutajia ugonjwa wake kabla hujakaa. Alizijua hasa zile za kupunga: ukipunga mkono wako hapa, shujaa kule kwenye televisheni anapunga upanga. Wateja walikuja wamefura. "Fundi, mimi nakata kulia, shujaa anakata kushoto!" Naye aliwapoza, akaichomeka rimoti kwenye kompyuta, akaongeza wepesi wa kile kidude cha ndani kinachohisi mkono, yakaisha. Mteja aliyechoka kupigwa na majitu hatafuti haki, anatafuta kushinda. Ndiyo kazi iliyomlisha, na ndiyo iliyomponza.

Mama mkwe wake alikuwa msusi, tena si msusi wa kubahatisha. Vidole vilichora mistari iliyonyooka kichwani mwa mtu huku mdomo ukichapa umbea. Halafu akapata kiharusi, mkono wa kulia ukapooza. Hospitali wakampangia mazoezi: aminye mpira, ainue kopo, ashushe kopo. Daktari akaonya kwamba miezi ya mwanzo ndiyo ya kuufundisha mkono, ikipita hiyo kazi itakuwa ngumu. Mama aliyachukia mazoezi yale. "Wamenirudisha chekechea," alilalamika. Mke wa Fundi akamsihi mumewe abuni kitu cha kumchangamsha mama, na Fundi akabuni upanga.

Alipeleka mashine ya gemu nyumbani kwa mama mkwe, akamfunga rimoti kiganjani kwa mkanda ili isidondoke. Kwenye gemu ile askari wa mifupa huziba upande mmoja kwa ngao, nawe ukate upande alioacha wazi, na mkono sharti uinuke kwelikweli. Siku hiyo mama alipigwa, akapigwa tena, mpaka machozi yakamlengalenga.

"Mwanangu, hata kwenye televisheni nishindwe?"

Jamani, ungekuwa wewe ungefanyaje? Fundi aliondoka na rimoti akidai inataka kusafishwa. Kesho yake aliirudisha ameilegeza mpaka mwisho. Kiganja kikitikisika tu, shujaa anakata kwa nguvu zote, tena upande ulio wazi anautafuta mwenyewe.

Basi mama akaanza kuua! Aliua askari, akaua joka, akaua jitu la macho mengi, na kila mmoja alimsindikiza kwa matusi ya saluni. Akampigia dada yake simu. "Nakwambia nimelikata joka shingo kwa mkono huuhuu!" Kicheko kikarudi nyumbani. Mke wa Fundi alimwekea mumewe mnofu mkubwa kuliko wote, naye akautafuna kwa shida, kwa sababu dhamira ilikuwa imeshaanza kumsuta.

Mambo yaliharibika siku mama alipoacha kliniki. "Niende kuminya mpira, mimi ninayeua majoka?"

"Mama, lakini mazoezi nayo ni muhimu," Fundi alijaribu.

"Na haya ni nini, baba? Ngoma?"

Hapo ndipo Fundi alipopaswa kusema ukweli, na alijua. Lakini utamwambiaje mama mkwe, mtu unayemwamkia huku umeinamisha macho, kwamba ushindi wake umeupika wewe? Alijiambia kesho. Kesho ikazaa kesho, miezi ile ya daktari ikayoyoma huku upanga ukivuma sebuleni kwa mama. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu wetu alikuwa anaficha maradhi ya mtu mwingine, na mwenye maradhi mwenyewe hajui.

Siku moja alimkuta mama ameita mteja wake wa zamani. Mwanamke amekaa kwenye kigoda, khanga mabegani, na mama amesimama nyuma yake, amechangamka kama zamani. Mkono wa kushoto ulishika nywele vizuri. Wa kulia ulifika usawa wa shingo ya mteja, ukagoma. Kitana kikaanguka. Mteja akakiokota akisingizia kwamba kigoda ndicho kibaya. Kikaanguka tena.

"Tutamalizia siku nyingine, shoga yangu," mteja alisema kwa upole, akajifunga mtandio juu ya mstari mmoja uliopinda, akaondoka.

Mama aliutazama mkono wake kama wa mtu baki. "Lakini joka nililiua," alisema.

Fundi aliketi sakafuni, miguuni pake. "Mama, nisamehe. Hukuliua. Nililiua mimi."

"Wewe? Wewe ulikuwa kazini."

Akamweleza yote, alivyoilegeza rimoti, alivyoona na kukaa kimya.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ulipolia."

"Kwa hiyo kliniki niliiacha kwa ajili ya huruma yako."

"Ndiyo, mama." Alitamani atukanwe, hata afukuzwe, apate kubeba kitu. Mama hakumtukana wala hakumfukuza. Aliunyoosha ule mkono akiusaidia kwa wa kushoto.

"Irudishe rimoti ilivyokuwa. Sasa hivi. Halafu ukae hapo, na usiangalie pembeni."

Fundi akatoa kompyuta begini, akairudisha ilivyokuwa, akamfunga mama kiganjani. Askari wa mifupa akatokea, akaziba kushoto. Mama akainua mkono. Ulifika kiunoni, ukatikisika, ukakwama, na upanga kwenye televisheni nao ukakwama palepale. Askari akamkata. Mama akainua tena, jasho likimtoka kipajini, na askari akamkata tena. Mkono wa Fundi ukapanda wenyewe, ukitaka kumkatia.

"Shusha mkono wako," mama alisema bila kugeuka.

Fundi akaushusha, akaukalia.