Tulivyosubiri Tumbo la Jumbe Livimbe

Nilipokuwa mtoto, kabla sijajua kwamba mtu mzima anaweza kukutazama machoni akakudanganya, niliamini kuwa wafu wa Masasi wanasikia vizuri kuliko walio hai. Sikuwa peke yangu. Mji mzima uliamini hivyo. Chini ya majabali, upande ambao jua huchelewa kufika asubuhi, yalikuwako makaburi ya wakubwa: majumbe na wazee wa baraza, watu waliowahi kuamua nani apewe shamba na nani afukuzwe mji. Watu wa kawaida walizikwa kwingine. Aliyepita pale alivua kofia na kupunguza sauti, maana ilisemekana kuwa wazee wale bado wanaendesha baraza lao huko chini.

Bibi yangu, mzaa mama, ndiye aliyekuwa mwangalizi wa makaburi hayo. Kwetu sisi Wayao ukoo hufuata tumbo la mama, na jumbe mkubwa aliyelala pale alikuwa mjomba wake. Mwalimu wa chuo cha Kurani akimaliza kusoma dua, bibi alisogea na kikapu chake cha unga wa mtama. Hakuna aliyeona kosa. Unga huo wa kuombea tuliuita mbepesi. Aliumimina taratibu juu ya kaburi mpaka ukasimama kama kichuguu chenye ncha, kisha akaufunika kwa chungu. Asubuhi alifunua. Ncha ikiwa imesimama, wakubwa wamekubali. Ikiwa imebomoka, wamekataa, na jambo liliachwa, liwe safari, liwe ndoa.

Lakini unga huo uliogopewa zaidi kwa ajili ya kiapo. Mwenye kuapa alichota kidogo kutoka kaburini akala. Akiwa mwongo, tumbo lake lingevimba, na siku akifa ardhi ile isingempokea: majembe ya wachimbaji yangegonga jabali kila walipojaribu. Bibi alinieleza hayo tukipalilia mihogo, kwa sauti ile ile aliyotumia kunionyesha mihogo ipi ni michungu.

Jumbe wa wakati wetu, enzi za Wadachi, alikuwa Che Nalupi, mdogo wake bibi. Kwangu alikuwa babu, na nilimpenda. Alikuwa mrefu, mwembamba, kanzu yake ikinukia udi, na kati ya watu wazima wote niliowajua ni yeye tu aliyeniuliza swali kisha akasubiri jibu. "Zuhura, leo mbuzi wangu wamenuna. Nani kawaudhi?" Nami nilifikiri kweli kweli kabla ya kujibu. Aliwakusanyia Wadachi kodi ya vibanda, na watu walimvumilia, kwa sababu aliwajua wasio na kitu, na vibanda vyao aliweza kupita kando yake kama asiyeviona.

Mrithi wake alijulikana. Alikuwa mjomba wangu Bakari, mtoto wa bibi, kwa maana kwetu jumbe hurithiwa na mtoto wa dada yake, si na mwanawe mwenyewe. Mjomba Bakari ndiye aliyetulea baada ya baba yetu kushuka pwani asirudi. Alicheka kwa kishindo, alikula upesi, na kulimishwa pamba ya serikali alikuchukia kuliko nyoka.

Kisha zikaja habari za maji, dawa ya kuzigeuza risasi za Wadachi kuwa maji. Mjomba Bakari akaondoka na vijana wenzake, akarudi na bua la mtama limefungwa kipajini, alama ya waliokunywa dawa hiyo. Che Nalupi hakwenda na hakumzuia mtu. Alisema yeye ni jumbe wa wote. Wakati ule nilidhani hiyo ni hekima.

Yaliyofuata yanajulikana. Risasi zilibaki risasi. Askari wakapita wakichoma nyumba na maghala ya vijiji vya jirani, na waliopona wakatawanyika. Mjomba alipanda juu kwenye uwanda, upande wa Newala, ambako Wamakonde waliishi ndani ya vichaka vizito hata ungeweza kupita karibu na nyumba ya mtu usiione. Huko alikuwa na rafiki aliyewahi kugema naye mpira msituni. Mahali penyewe palijulikana na bibi peke yake. Hata mama hakuambiwa.

Asubuhi moja Che Nalupi alikuja uani kwetu. Bibi alikuwa akipepeta mtama.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

"Wadachi wametoa neno. Atakayeletwa na jumbe wake kwa hiari atasamehewa. Atakayekamatwa atanyongwa. Niambie Bakari yuko wapi nikamlete kabla hawajamfikia."

Bibi aliendelea kupepeta. "Kwa nini nikuambie wewe?"

"Ni mrithi wangu, dada. Nikifa, nani atanifumba macho?"

Ungo ukatulia. "Utakula unga?"

"Nitakula."

Jioni ile tulikwenda makaburini sote, bibi, mama, mimi na yeye. Alipiga magoti mbele ya kaburi la mjomba wao bila kujali kanzu yake. Bibi akamimina unga. Che Nalupi akachota, akasema kwa sauti iliyosikika vizuri, "Mjomba, nikimpeleka mtoto wa dada yangu nisirudi naye, tumbo langu lipasuke, na mahali hapa pasinipokee." Akaula. Nilimwona koo likipanda na kushuka.

Asubuhi bibi alipofunua chungu, unga ulikuwa umesimama, ncha yake kali kama ilivyoachwa. Bibi alishusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Wakubwa walikuwa wamekubali. Akamwambia mdogo wake njia ya kupandia, na kijiji, na jina la yule rafiki.

Mjomba Bakari alipita kwetu wakiwa njiani kwenda bomani. Alikuwa amekonda, miguu imechanwa na miiba. Mama alimpikia ugali na kisamvu, akala upesi kama zamani. Alipokwisha kunawa alimgeukia Che Nalupi, akauliza kwa upole, "Mjomba, una hakika na neno hili?"

"Mpwa wangu, nimekula unga."

Mjomba akacheka kile kicheko chake, nasi tukacheka naye kwa sababu tulikuwa hatujakisikia siku nyingi. Hakuuliza tena. Alifunga shuka vizuri, akanipapasa kichwa, wakaondoka wakifuatana, mmoja mrefu na mmoja mfupi, wakizungumza.

Che Nalupi alirudi peke yake. Aliketi juu ya kinu kilicholazwa bila kukaribishwa. Mama alianza kulia kabla hajaambiwa.

"Walitaka mtu mmoja mwenye jina," Che Nalupi alisema. "Mmoja, dada, au wauchome mji wote."

Bibi hakulia. Alimsogelea akasimama mbele yake. "Walikuambia lini?"

Alitaka kuinuka, bibi akamzuia kwa mkono.

"Nakuuliza. Walikuambia kabla hujala unga, au baada?"

Che Nalupi alitazama mikono yake. Kisha alinitazama mimi, sijui kwa nini mimi, labda kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mdogo kuliko wote pale. "Kabla," alisema. Akainuka akaenda zake.

Mjomba Bakari alinyongwa pamoja na wengine, wakafukiwa shimo moja. Hatukuonyeshwa mahali.

Basi tukaanza kusubiri. Sikumbuki kama kuna mtu aliyetamka, lakini mji mzima ulisubiri. Che Nalupi alipopita, macho yote yalishuka kwenye tumbo lake. Njaa ilipoingia baada ya vita, sisi tukishinda porini tukichimba mizizi ya ming'oko, yeye alikuwa na nafaka kutoka bomani. Alimletea bibi kikapu kimejaa mahindi. Bibi alikirudisha kama kilivyokuja, nami nililia kwa njaa, nikamchukia bibi siku ile kuliko nilivyomchukia jumbe. Ndivyo tumbo tupu linavyofikiri.

Akaanza kunenepa. Mimi na binamu zangu tulimwona akitoka msikitini, kanzu imembana kiunoni, tukakimbia nyumbani tukipiga kelele, "Bibi, limeanza! Linavimba!" Bibi alitoka nje, akamtazama kwa mbali, akarudi jikoni.

"Huyo ameshiba tu," alisema.

Alishiba kwa miaka. Wadachi wakamkubalia amrithishe mwanawe, kinyume cha desturi yetu yote. Hapo hata mimi mtoto nilielewa. Kutoa mtu mmoja ili mji upone ni jambo moja. Lakini kwa nini aliyetolewa awe yule yule aliyekuwa akingojewa na kiti? Hakuna aliyemwuliza swali hilo. Watu waliendelea kumpa shikamoo, wakampelekea kesi zao, wakamwalika kwenye harusi. Walisema, "Mwacheni, wakubwa wanamwona."

Alikufa usingizini, mzee, kitandani mwake, mwanawe akamfumba macho. Nilikuwa tayari mwari wa kuposwa. Siku ya maziko watu walijaa kuliko siku ya sikukuu, na ninajua walifuata nini. Wanawake tulisimama kwa mbali tukisikiliza majembe. Kila jembe lilipoingia ardhini mtu alivuta pumzi. Tulisubiri sauti ya chuma juu ya jiwe.

Haikuja. Udongo ulikuwa laini. Ulitoka mwekundu, mwororo, kama wa shamba lililolimwa jana. Wachimbaji walimaliza mapema hata ikabidi wamsubiri maiti.

Sijui nieleze vipi nilivyojisikia. Che Nalupi alikuwa amenisaliti zamani, na hilo nilikuwa nimelizoea. Siku ile nilisalitiwa na wafu. Walikuwa wamesimamisha unga wao kwa ajili ya mwongo, wakamwachia nafasi akale na kunenepa, na sasa walikuwa wakimfungulia mlango.

Dua ilipokwisha, watu walimgeukia bibi. Ilikuwa kazi yake, kama dada na kama mwangalizi, kumimina unga na kumtaja marehemu kwa jina ili wakubwa wampokee. Alikuwa mzee sana, akitembea kwa kushika bega langu. Alisogea hadi ukingoni mwa kaburi. Akaumimina unga wote kwa mara moja, kama mtu anayemwagia kuku.

"Wakubwa," alisema, "mpokeeni Bakari bin Saidi, mwanangu, ambaye hamkuletewa."

Jina la Che Nalupi hakulitaja. Watu walisubiri aendelee. Mtoto wa jumbe alisema kwa ukali, "Shangazi!" Bibi alinifinya bega, tukageuka, tukarudi nyumbani. Hakwenda tena makaburini mpaka siku ya kufa kwake.

Miaka mingi imepita. Majumbe wale wote wamejengewa kwa saruji, na vijana wanaopita na wageni huonyesha kaburi la Che Nalupi wakisema huyu ndiye aliyeuokoa mji usichomwe moto. Zamani nilikuwa nikikasirika. Siku hizi nasikiliza tu. Inawezekana wanasema kweli. Nyumba ninamokaa imesimama mahali ambapo moto ule haukufika, na nimezaa na kulea watoto humu.

Wafu nao nimewaacha. Hawakutuahidi kitu, sisi ndio tuliowatwika kazi yetu, tukakaa kando tukitazama tumbo la mtu, wakati kila mmoja wetu alikuwa na mdomo wa kumwuliza. Bibi peke yake ndiye aliyeuliza, na jibu alilipata siku ile ile.

Kinachobaki kuniuma ni kidogo, na hakiondoki. Namjua mjomba wangu. Lau siku ile walipopita kwetu Che Nalupi angesema, "Bakari, wanataka mtu mmoja, la sivyo watauchoma mji," nadhani mjomba angemaliza ugali wake, akanawa, akafunga shuka, akaenda kwa miguu yake mwenyewe. Angekwenda akijua anakokwenda, nasi tungejua, tungemlilia kwa haki.

Hakuulizwa.