Matonge Saba ya Felista

Mwalimu Paulo, umenisumbua tangu Kwaresima niiandike habari hii. Mimi herufi nilijifunza kwa katekisimu, mkono wangu mzito, na habari yenyewe sina hamu nayo. Haya, naandika. Lakini usinisahihishe.

Felista ni mwanangu wa tatu. Alilima kabichi kwenye shamba la ukoo wetu, juu ya Mlali, na kikapu alichobeba yeye wanaume walikiinua kwa kuguna. Mwaka 1950 chakula kikaanza kumkwama kifuani. Anameza tonge, linasimama. Anakunywa maji, nayo yanarudi puani. Watu wakasema amelogwa. Nikawauliza, wamloge kwa lipi, kwa kabichi?

Tukampeleka Dar es Salaam kwa treni. Daktari akasema umio, njia ya chakula, umekaza pale chini unapoingia tumboni, haufunguki. Wakampasua, wakakata nyama iliyoubana. Wiki ya tatu akala ugali mbele yangu, akalamba vidole. Sijaona tena siku kama ile. Tulipoaga, daktari akamwambia, "Kikianza kukwama tena, njoo mara moja. Usingoje ukonde."

Akakaa vizuri miaka mitatu. Kisha akafa mume wa Rosa, jirani yetu. Huku kwetu ukienda msibani ukakataa kula, umewaambia wafiwa kuwa ni wachawi. Felista akaketi kwenye sinia na wenzake, tonge analigeuzageuza mkononi. Rosa akamwona.

"We Felista, chakula changu kina nini? Nimekitia dawa?"

"Hapana, dada. Nimeshiba."

"Umeshibia wapi, na tangu asubuhi uko hapa unatwanga?"

Wanawake wakacheka. Mimi nilikuwa ubavuni kwake. Nilijua? Nilijua nusu, wiki mbili nilikuwa namsikia akikohoa kila akilala, kama kabla ya kupasuliwa. Nikamfinya paja. "Kula. Usinitie aibu."

Akala matonge saba, nayahesabu. Kisha akaenda nyuma ya migomba kuyatema.

Tangu hapo akawa anafanya hivyo kila mahali, hata kwangu, nami najifanya sioni. Nilikuwa nimeshatangaza kanisani na gulioni kwamba mwanangu amepona. Nani angerudi kuwaambia hajapona? Si mimi.

Ikapita mwaka na nusu. Alipoanguka shambani tulimteremsha kwa machela, mwanamke mzima, mwepesi kama mtoto wa komunyo. Dar es Salaam daktari alikuwa yule yule. Akamtazama, akanigeukia mimi.

"Mama, nilisemaje?"

Akasema kovu la kwanza limeukaza umio tena, na juu yake umetanuka kama mfuko. Kupasua ni lazima, ila damu hana, nguvu hana. Wakamlisha kwa mpira wiki nne. Hakunenepa.

Asubuhi ya kupasuliwa akaniambia, "Mama, nikitoka nitakwenda kula kwa Rosa, asiseme tena."

Alikufa siku ya tano. Hata uji haukupita.

Rosa siku hizi anakaa Mlali chini, na mpaka leo anasema Felista alimdharau msibani. Nimemwachia aseme miaka yote hii, maana nikitoa siri ya mwanangu nitatoa na yangu. Basi, mwalimu, shuka na karatasi hii ukamsomee, yeye herufi hajui. Pale nilipomfinya mwanangu paja usiparuke. Kaa hapo hapo mpaka Rosa aseme neno, kisha upande uje uniambie amesema nini.