Utepe wa pakiti haukugeuka mweusi

Leo mgonjwa kaniuliza swali moja, mpaka sasa nalisikia masikioni.

Mie ni msaidizi kwenye kliniki ya meno huku Gongo la Mboto. Vifaa tunavipika kwa mvuke kwenye mashine ili kuua vijidudu, ndani ya pakiti zenye utepe. Mvuke ukikolea, mistari ya utepe inageuka myeusi.

Asubuhi mama mmoja yuko kitini, ameshachomwa ganzi. Nachukua pakiti ya koleo la kung'olea.

Mistari imepauka.

"Dokta, hii haijaiva."

Akanikata jicho. "Ifute na spiriti, mgonjwa anasubiri."

"Spiriti haitoshi kwa koleo la jino, dokta."

Sijawahi kumjibu hivyo maishani!

Tukafungua kabati. Pakiti zote vilevile. Dokta akanywea, akamwomba mama radhi, akasema leo hatung'oi.

Siwadanganyi, nilijiona shujaa.

Ndipo yule mama, mdomo nusu umekufa ganzi, akauliza taratibu: "Na jana je? Binti yangu mlimng'oa jino hapahapa."

Jana pakiti nilifungua mie. Sikumbuki kama niliangalia utepe.

Tumefunga kliniki. Nimepewa daftari niwapigie wagonjwa wa jana waje wapimwe maambukizi ya damu. Nimeanza na yule binti. Kabla sijasema kitu, akadakia, "Dada, asanteni jamani, sijaumwa hata kidogo!"

Nikamweleza ukweli wote.

Kisha akauliza kama aendelee kumnyonyesha mwanawe.

Nimempa dokta simu, nimetoka nje.

Nyie mlio kwenye kazi hizi, mnawaambiaje watu? Wamebaki sita.