Wao Wanachagua Bima, Mimi Navuja Damu

Akina mama, mwenyekiti ameniomba niseme kwa upole, kwa sababu wageni wapo. Nitajaribu. Ila jambo lenyewe lilinichosha, na bado likinijia huwa napandwa na hasira.

Mimi ni Mama Wakesho, nakaa Hounslow, hapahapa London. Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani mwao: nawaogesha, nawalisha, nawageuza kitandani. Nilikuwa mtu wa mbio. Mume wangu alipakia mizigo uwanja wa ndege mpaka mgongo ukamgomea, na kampuni ikamwambia astaafu mapema. Aliondoka na kinyongo. Bima ya afya ya kazini, iliyotuhudumia mimi, yeye na binti yetu Wakesho, ilikuwa ikielekea kuisha.

Mtaniuliza, si hapa hospitali ya serikali ni bure? Ni bure, na naishukuru. Lakini kama operesheni yako si ya dharura unapanga foleni, na foleni hiyo mnaijua wenyewe.

Kipindi hichohicho damu yangu ya mwezi ilibadilika. Kwanza ilizidi siku. Halafu ikawa inatoka mabonge, mekundu meusi kama maini. Nilivaa pedi mbili kwa pamoja na bado niliharibu nguo. Kwenye basi nilikalia mfuko wa plastiki. Tumbo likafura, mpaka dada mmoja wa kanisani hapahapa akanipongeza kwa ujauzito. Nina miaka arobaini na tisa, jamani!

Nilienda kwa daktari wa mtaa, nikapigwa picha. Ni uvimbe kwenye kizazi, ule mnaouita faibroidi, na mkubwa. Akanipa vidonge vya kuongeza damu, akaandika niende kwa mtaalamu. "Damu ikizidi, usikae nyumbani," akaniambia. "Rudi."

Nikamweleza mume wangu. Akasema, "Usiwe na wasiwasi, Mama Wakesho. Tukipata bima nzuri utapasuliwa haraka, hospitali ya binafsi."

Hapo ndipo taabu ilipoanza.

Kuna tovuti ambamo kampuni za bima zimejipanga kama vibanda sokoni. Hii ina rangi ya kijani, ile ya buluu, nyingine ina nyota. Baba Wakesho aliketi mbele ya kompyuta asubuhi, nikirudi kazini nilimkuta palepale. Ndugu yake, shemeji Danson, alikuwa akipiga simu kutoka Peckham kila jioni, akiwekwa kwenye spika. Danson hajawahi kukata bima hata ya baiskeli, lakini ana maoni.

"Chukueni ya kijani," anasema. "Ndiyo rahisi. Msitupe pesa."

Kesho yake anasema, "Ngojeni, pengine bei zitashuka."

Nikimuuliza mume wangu, "Na ugonjwa wangu umo?" anajibu, "Tutaona, usiniharakishe." Wakesho naye, ambaye Kiswahili anakielewa lakini anajibu kwa Kiingereza, alituambia tuchague yoyote tumalize. Nyumba nzima ilikuwa inatibu bima. Mimi hakuna aliyenitibu.

Mwili ukaendelea na mambo yake. Nilianza kutamani barafu. Naifungua friji kwenye baridi ya Januari natafuna barafu kama karanga. Kupanda ngazi moja tu, moyo unapiga masikioni. Bibi mmoja Mwingereza ninayemwogesha alinishika mkono akasema, "Mwanangu, midomo yako imekuwa myeupe kuliko yangu." Nilicheka. Nilipofika chooni kwake nilikaa chini kwenye vigae kwa sababu miguu ilikataa.

Jumapili moja tulikuwa tunajiandaa kuja hapa ibadani. Nikiwa bafuni nilihisi kitu kimefunguka, damu ikamwagika mpaka sakafuni. Masikio yakaziba. Nje nasikia sauti ya Danson kwenye spika, na mume wangu anaita, "Mama Wakesho! Unasemaje, ya buluu au ya kijani?"

Sikumjibu. Nilikuwa nimeshaanguka.

Wakesho ndiye aliyesukuma mlango. Nakumbuka uso wake juu yangu na taulo kati ya mapaja yangu, na yeye, mtoto wa Kiingereza, analia kwa Kiswahili, "Mama, amka! Amka, mama!" Gari la wagonjwa likaja, nikapelekwa hospitali ya serikali. Daktari, mama mmoja mfupi, alitazama kipimo cha damu akasema, "Huyu sijui alikuwa anatembeaje." Nikaongezewa damu, mfuko baada ya mfuko. Hakuna aliyeniuliza bima.

Damu ilipopungua yule daktari akatueleza kwamba dawa zitaizuia kwa muda, lakini kizazi itabidi kitolewe, na kwa operesheni hiyo nitasubiri zamu.

Mume wangu akamuuliza, "Daktari, kwa ugonjwa huu ungetushauri bima gani?"

Daktari akamtazama. Akanitazama mimi. Akatoka.

Nikamwambia mume wangu, "Nipe simu."

"Pumzika kwanza."

"Baba Wakesho, nipe hiyo simu."

Nikiwa na sindano mkononi nilipiga kwanza kwa watu wa bima ya kijani. Nikauliza swali moja: ugonjwa nilio nao sasa mtautibu? Hapana, mama, ugonjwa ambao daktari ameshauona hatuulipii. Buluu, vilevile. Nikapiga kwa bima yetu ya zamani. Dada aliyepokea akaniambia kwamba aliyestaafishwa mapema anaruhusiwa kuendelea na bima ileile pamoja na familia yake, magonjwa yote yakiwa ndani, na kampuni inachangia nusu. Sharti asiache pengo. Mwisho wa kujiandikisha ni Ijumaa hiyo; fomu akaituma palepale kwenye simu.

Nikamgeukia mume wangu. "Ulijua?"

Akasema, "Nilijua. Walinifukuza kama mbwa. Sikutaka kitu chao tena."

"Mimi nakitaka," nikamwambia. "Andika jina lako hapa."

Akaandika. Nilimhurumia, siwezi kukataa, lakini hasira ilikuwa bado kubwa kuliko huruma.

Baada ya wiki chache nilipasuliwa, kwa bima ileile. Sitawadanganya, inauma. Ukikohoa unadhani nyuzi zote zinakatika. Gesi inapanda mpaka begani. Kwenda haja kubwa mara ya kwanza, niliomba dua zote ninazozijua. Baba Wakesho aliniogesha, akanivalisha soksi za kuzuia damu kuganda, akapika uji wenye madonge. Danson alipiga simu kushauri nipate wapi matembele ya kuongeza damu. Nilikata.

Leo nimerudi kazini. Nalala usiku kucha kwenye shuka nyeupe. Kuna mtu katika mji huu aliyenyoosha mkono akatoa damu bila kujua itakwenda kwa nani. Popote alipo, Mungu ambariki.

Sasa nisikilizeni. Mnaochagua bima, msianze na bei. Anzeni na ugonjwa mlio nao, ulizeni kama umo, na anayeumwa ndiye aulize. Kama mwenzako amestaafishwa, mwulize ameachiwa nini, na umwulize kabla hajatulia na hasira zake. Lakini kabla ya hayo yote, wewe unayevuja na kuambiwa ndivyo wanawake walivyo, nakuona hapo ulipo na koti limefungwa kiunoni. Ibada ikiisha tutakaa pamoja, mimi na wewe. Kesho asubuhi tutampigia daktari wako.