Kufukuzwa Si Kuhama

Najua hapa Bunia watu wanaisimulia aibu yangu bila mimi, na kila mmoja anaongeza chumvi yake, basi afadhali niseme mwenyewe: mimi, mtu mzima, mwalimu wa Kifaransa, nilimsemea mama mmoja uongo mbele ya ukumbi mzima, na ukumbi mzima ulikuwa unajua.

Alikuja mgeni kutoka Geneva, mwanamke mpole mwenye daftari kubwa, kuwasikiliza Bambuti, wawindaji wenyeji wa msitu, waliotolewa msituni kule upande wa Niania, ili maneno yao yaingie katika ripoti ya kamati ya haki za binadamu. Niliitwa kutafsiri, Kiswahili na Kifaransa. Nikavaa koti (jua lile, na koti zito, ndiyo, nilitaka kuonekana). Mlangoni nikamkuta dada mmoja Mumbuti amesimama na bahasha mkononi, nikamwambia polepole, kama mtu anayesema na mtoto, "Weye, enda ulete viti ingine." Akaniangalia, akaenda, akaleta viti. Sikumuuliza hata jina.

Kabla hatujaanza, mratibu wa shirika lililoandaa mkutano (tumwite Faustin) akanivuta pembeni. Mkubwa mmoja wa serikali alikuwa ameketi mstari wa mbele.

"Ile mambo ya kufukuzwa, ulainishe kidogo," akaninong'oneza. "Mugeni ataenda, siye tunabaki hapa."

Nikasema sawa. Neno moja tu, nikajiambia, litamuumiza nani?

Mama Alima, mmoja wa hao waliotolewa msituni, akasimama. "Walinzi wa musitu walikuja asubuhi, wakachoma nyumba zetu, wakatufukuza. Bwana yangu alirudia kuchukua wavu wake wa kuwinda, wakamupiga. Mupaka leo mukono wake hauinuke."

Nami nikafungua kinywa, nikasema kwa Kifaransa kwamba walihama msituni na haikuwa rahisi.

Mgeni akauliza kwa nini walihama. Sasa nitamuulizaje mama swali hilo, wakati hajasema alihama? Nikamuuliza wanaishi namna gani siku hizi. Akajibu kwamba wanalala kando ya barabara, wanalima mashamba ya watu, wanapewa ndizi zilizokwisha kuoza. Nikatafsiri kwamba walisogea karibu na barabara (bado nilijiona mwerevu!) kwa ajili ya shule. Mgeni akafurahi, akaandika, akauliza kama watoto wengi wanasoma, nami, jasho likinitiririka ndani ya lile koti, hata sikumgeukia mama, nikajibu, "Wengi sana."

Nilikuwa nimesahau jambo ambalo hata mwanafunzi wangu mvivu asingelisahau. Wachungaji, wauguzi, wafanyabiashara, karibu wote mle ndani walikuwa wanasikia lugha zote mbili. Mgeni peke yake hakujua Kiswahili, na Mama Alima hakujua Kifaransa. Mtu akakohoa. Mwingine akacheka. Nyuma kabisa sauti ikasema, "Aaah, mwalimu!"

Mama Alima akanigeukia. "Weye, mie naongea murefu, weye unaongea mufupi. Ile ingine unaiweka wapi?"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Ndipo yule dada wa viti akasimama. Kumbe anaitwa Charline, ni muuguzi kule Nyankunde, na Mama Alima ndiye aliyemzaa. Akasema, kwa Kifaransa safi kuliko changu, "Madame, mama yangu hakusema tulihama. Alisema tulifukuzwa. Na shule hakuna."

Faustin akaruka juu. "Ni kosa ya mukalimani!"

Damu ikanipanda. "Kosa ni langu, lakini ni weye uliniambia nilainishe!" Akanijibu, nikamjibu, tukawa wanaume wawili wenye makoti tunanyoosheana vidole, mpaka Mama Alima akapiga meza.

"Munyamaze! Huyu mugeni alikuja kusikia nani?"

Tukashusha vidole. Mgeni akachora mistari juu ya kurasa alizoandika, akamwomba Charline atafsiri, wakaanza upya. Nikakaa kwenye kiti alicholeta yeye, nikasikiliza neno kwa neno, nyumba zilizochomwa, mkono usioinuka. Hasira iliyonishika siku ile haijapoa, na nusu yake ni juu yangu mwenyewe. Tunajaza karatasi na mikutano tukisema Bambuti hawana sauti. Sauti wanayo! Siye ndio tuliikalia.

Baadaye nikamfuata mama nje kuomba msamaha.

"Pole ya kwangu haina kazi," akasema. "Mwenye uliambia uongo ni ule mugeni. Enda umwambie."

Nikarudi ndani, nikaandika kwa mkono wangu katika daftari la mgeni kwamba tafsiri ya kwanza ilikuwa ya uongo na nani aliiomba, nikatia sahihi. Shirika la Faustin halijaniita tena mpaka leo. Msitu bado umefungwa kwao, lakini Charline anasema ripoti imetoka, na neno "walifukuzwa" limo.

Mimi nimeapa sitalainisha tena maneno ya mtu. Na nikiitwa kutafsiri, nauliza kwanza kama kati ya watu wenyewe wanaosikilizwa hakuna anayejua Kifaransa. Mara nyingi yuko. Basi nabaki nyumbani.