Saa ya Mama Kutoka Bangkok

Juzi nilirudi safari ya ndege ya mbali, nikalala mchana kutwa. Nilipofumbua macho, binti yangu alikuwa ameketi kando ya kitanda, ananisubiri. Nikakumbuka nyumba yetu ya Singida.

Siku zile bidhaa za nje zilikuwa zimeanza kuruhusiwa, na mama alikwenda Bangkok kufuata nguo za duka letu. Nilimngoja majuma matatu. Alifika, akanikumbatia, akalala. Chumba kilinukia nguo mpya. Nje mashine ya kukamua alizeti ilinguruma, na jua lilikuwa linaelekea kuzama, naye bado amelala tu. Nilidhani amenichoka.

Kisha nikaiona saa yake juu ya kigoda. Ilisema saa nne, bado ikifuata majira ya Bangkok. Kumbe ndiyo inayomwambia ni usiku! Nikazungusha mishale mpaka saa kumi na mbili, saa yake ya kuamka, nikamsogezea usoni.

“Mama, kumekucha.”

Aliitazama saa, akanitazama mimi. Akajifunga khanga, akachukua ufagio, akaanza kufagia uwanja kama kila alfajiri, huku anayumba.

“Wewe! Jua linazama unafagia? Unatutolea baraka nje!” bibi alifoka.

“Mama, mjukuu wako kasema kumekucha,” mama alimjibu.

Nilicheka, nikamfuata nyuma kwa furaha. Leo najua mwili wake ulikuwa bado uko kwenye usiku wa kule. Ningempata tena hata jioni moja, ningemfunika khanga, nikamwacha alale.